Kusoma Maandiko kwa Dhamiri

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume imesimuliwa habari ya mtu wa Kushi, towashi na mtunza hazina wa malkia Kandake, aliyekuwa akirejea kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu, naye ameketi garini mwake akisoma chuo cha nabii Isaya. Na Filipo alipomsogelea na kumwuliza kama yale asomayo yamemwelea, mtu yule mkubwa, mwenye amana ya dhahabu ya dola nzima mikononi mwake, hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mwongozi, kisha akataka kujua kama nabii alikuwa akijitaja nafsi yake ama akimtaja mwingine. Swali hilo la Mwafrika yule ndilo, kwa maoni yangu, swali la kwanza la kila mwenye kufungua kitabu kitakatifu, wala halijaondoka hata leo, ingawa zimepita karibu karne ishirini na vyuo vimeenea mpaka vijiji vya mbali: Maandiko haya nikiyasoma, habari ninayoisoma ni ya nani?

Mtu aweza kulijibu swali hilo kwa njia tatu. Aweza kusema kwamba Maandiko yanena juu ya watu wa kale, wafalme na manabii na makutano ya Galilaya, na asomaye hivyo hupata elimu ya tarikhi, nayo ni elimu yenye manufaa. Aweza kusema, wala si lazima aseme kwa ulimi, kwamba yanena juu ya jirani yake, yule mwenye deni, yule mwanamke wa nyumba ya pili, yule mtoto asiyemridhia. Na asomaye hivyo hupata silaha. Tena aweza kusema, kwa hofu na kwa taratibu, kwamba yanena juu yake yeye mwenyewe, na kwamba kila amri na kila onyo na kila ahadi imekuja kumtafuta ndani ya batini yake, mahali pasipofika jicho la mtu. Niliyokusudia kuyathibitisha hapa ni kwamba jibu hili la tatu ndilo mlango wa imani; ya kwamba asiyeanza na nafsi yake hajaanza bado kusoma kama asomavyo muumini; na ya kwamba katika nchi yetu ya Lualaba tumekwisha kuyaona kwa macho yetu matunda ya kusoma kwa kila namna, matamu na machungu.

Kasaji, ninapoandikia, ni mji wa reli katika eneo la Dilolo, juu ya njia ile iliyokamilishwa mwaka 1931 ili shaba ya Katanga ipate kuifikia bahari ya Atlantiki kwa kupitia Angola. Na hapa Walunda, Wachokwe na Waluvale huonana sokoni na kanisani, kila mmoja na lugha ya mama yake, Kiswahili kikiwa mkeka wanaoketi pamoja. Lakini Injili ilitangulia reli. Frederick Stanley Arnot, Mskoti wa jamii ya Wakristo waitwao Ndugu, alitokea Benguela akapita Bihé, akawasili Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa Februari 1886, na baada yake wakaja wengine, mashuhuri wao Dan Crawford, aliyekaa Luanza kando ya ziwa Mweru hata kufa kwake mwaka 1926, na kutumia sehemu kubwa ya umri wake katika kuyatia Maandiko katika lugha ya Kiluba-Sanga. Ndugu hawa hawakuwa na makasisi waliowekewa mikono. Desturi yao ilikuwa, na hata sasa ni, kukusanyika kila Jumapili kuumega mkate, na ndugu yeyote, awe seremala au mkulima, aweza kusimama akasoma na kuyanena aliyojaliwa kuyafahamu.

Tutafakari ukubwa wa jambo hilo katika zama zake. Dola ya Mfalme Leopold, na baadaye serikali ya Ubelgiji, ilimhesabu Mwafrika kuwa mkono wa kazi, na neno lake halikuwa na uzito mbele ya ofisa wala mbele ya msimamizi wa mgodi. Ilhali katika kibanda cha ibada, mtu yule yule aliyeandikwa kwa namba asubuhi aliweza kuketi jioni akiamini kwamba Muumba wa mbingu na nchi anamsemesha yeye bila wakili. Huu ndio msingi wa heshima ya dhamiri. Mtu aliyekwisha kusemeshwa hivyo hawezi tena kuwa chombo tu, kwa kuwa ndani yake pameumbika mahali pa kujibu. Na mwenye kujibu ni mwenye kuwajibika.

Hata hivyo uhuru wa kusoma una hatari yake, na ukanda huu wa shaba uliionja mapema. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland aliyekuwa ameyapokea mafundisho ya Watch Tower, alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, akazunguka katika nchi ya Walala huko Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka mpaka akaingia Katanga, akiwabatiza watu kwa kuwazamisha majini na kuutumia ubatizo huo kuwatambua wachawi. Na waliodhaniwa kuwa wachawi waliuawa, wengi wao kwa kushikiliwa chini ya maji, hata akakamatwa na kunyongwa mwaka 1926. Watu wengi wameiandika habari hiyo kuwa kisa cha ushirikina, nami naiona kuwa kisa cha kusoma vibaya, tena kwa namna iliyo wazi mno. Ubatizo katika Injili ni alama ya toba ya mtu mwenyewe: anayeingia majini huingia kwa hiari kuikiri dhambi yake mwenyewe. Nyirenda aliichukua alama hiyo ya batini akaigeuza kuwa kipimo cha kupimia watu wengine, na mara ilipogeuzwa hivyo, maji ya uzima yakawa maji ya mauti.

Wala tusijidanganye kwamba msiba huo ulizikwa pamoja naye. Katika miji yetu mikubwa wako watoto walioshitakiwa uchawi katika vyumba vya maombi, kwa aya zilizosomwa kwa sauti kuu, wakafungishwa saumu, wakapigwa, wakafukuzwa kulala barabarani, kwa sababu baba amefiwa au amepoteza kazi na nyumba imetafuta pa kuutupia uchungu wake. Jambo hili lilienea kiasi cha kuilazimu Katiba ya Jamhuri yetu ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kutaja katika kifungu cha 41 kwamba kumshitaki mtoto kwa uchawi kumekatazwa na kuna adhabu, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikalirudia katazo hilo. Ni aibu kubwa kwa watu wa kitabu kwamba dola imelazimika kuwafunza huruma iliyojaa katika kitabu chao. Na sababu ya aibu hiyo ni kwamba kitabu kilifunguliwa kwa kumwelekea mtoto, pasipo msomaji kukielekeza kwanza kwake mwenyewe.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wahubiri wa namna hiyo si wote wanafiki, na wengi wao wana bidii ya kweli na chuki ya kweli kwa maovu. Mfalme Daudi naye alikuwa hivyo. Alipomtwaa mke wa Uria na kumpeleka Uria akafe vitani, nabii Nathani hakumjia na torati mkononi kumsomea vifungu. Alimpa kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na Daudi aliposikia aliwaka kwa hasira ya haki akatoa hukumu ya kifo, ndipo nabii akamfahamisha kwamba mtu aliyemhukumu alikuwa amekalia kiti cha enzi. Dhamiri ya Daudi haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa hai, kali, yenye kujua haki na dhuluma, ila ilikuwa imetazamishwa nje. Kazi ya nabii ilikuwa kuigeuza ile dhamiri iliyokwisha kuamka imrudie mwenyewe, wala hakuhitaji kumfundisha sheria mpya. Na ukuu wa Daudi, ambao kwao twamhesabu miongoni mwa watu wa imani, haukuwa katika kutokosa, bali katika kuikubali hukumu hiyo palepale, bila kutafuta kisingizio wala kumwangamiza aliyemletea.

Wanazuoni wa Kiislamu nao wameichunguza siri hii kwa makini ambayo Mkristo aweza kujifunza kwayo. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alitenga sehemu nzima ya adabu za kusoma Qurani, akaeleza amali za batini zimpasazo msomaji; na mojawapo aliiita takhsisi, nayo ni kwamba msomaji ajihesabu kuwa yeye hasa ndiye akusudiwaye na kila khitabu iliyomo, akisikia amri ajue ameamriwa yeye, na akisikia kisa cha mitume wa kale ajue hakikuletwa kwa ajili ya kumpumbaza usiku. Tena akazitaja pazia zimzuiazo mtu kufahamu, na miongoni mwazo ni hima ya kuzitamka herufi kwa ustadi hata moyo ukasahau maana, na kiburi na dhambi ambayo mtu ameing'ang'ania. Jambo la pili ndilo lipasalo kutushitua zaidi: kwamba kutofahamu Maandiko mara nyingi hakutokani na uchache wa elimu, kwa kuwa moyo wenyewe umelifunga dirisha ambalo nuru ingeingilia.

Sasa niseme juu ya mfano ulio karibu nasi zaidi, uliozaliwa hapa hapa Lualaba. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 kikatoka Élisabethville kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichomfanya ajulikane duniani. Lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi, kwa wenye kupima mambo kwa mizani ya imani, haikuwa kitabu. Katika miaka ya 1950 aliwekwa Musonoi karibu na Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, na huko, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliacha kuwaendea watu kama bwana mwenye kufundisha au mtaalamu mwenye kuwachunguza, akaanza kuketi nao na kuwauliza kile wanachokitamani katika kina cha nafsi zao. Waume kwa wake walimjibu kwamba mtu hutamani uzima, na uzazi, na mapendo yanayomfanya awe mmoja na mwenziwe. Na yeye akaona kwamba tamaa hizo tatu zimo ndani yake pia, na kwamba ndizo zile zile anazozikuta zimetimia katika Injili, katika Kristo na Bikira Maria.

Hivyo ilianza harakati iitwayo Jamaa, ambayo wafuasi wake waliifunza kwa Kiswahili chao cha Katanga, mume na mke pamoja, wakipokewa na mume na mke waliowatangulia katika njia ile, na kuitana baba na mama na mtoto kwa uzazi wa kiroho. Hata padri alizaliwa katika Jamaa na wafanyakazi wa mgodi, akawa mtoto wao katika imani huku akibaki mchungaji wao katika sakramenti. Jambo ninalolishangilia hapa ni namna ya kusoma. Mafundisho yao yalianza kwa mawazo ya Mungu aliyemkusudia mtu kabla ya kuumba, kisha yakamshusha msikilizaji ndani yake akaone kama mawazo hayo yamo humo. Na Maandiko yaliposomwa, yalisomwa na watu wawili waliokwisha kufunuliana mioyo, maana mume hawezi kujidai mtakatifu mbele ya mke amjuaye usiku na mchana, wala mke mbele ya mume. Dhamiri haikuachwa peke yake gizani. Ilipewa shahidi wa karibu, mwenye upendo, asiyedanganyika.

Kuna pingamizi mbili zipasazo kujibiwa, na ya kwanza ni nzito. Aimé Césaire wa Martinique, katika kitabu chake juu ya ukoloni kilichotoka mwaka 1950, alimshambulia Tempels vikali, akidai kwamba kumsifu Mbantu kwa falsafa yake na uzima wake wa ndani ni njia ya kumheshimu pasipo kumlipa mshahara wa haki, wala kumpa nyumba wala chakula. Yeyote anayeishi katika nchi hii, aonaye shaba na kobalti zikitoka usiku na mchana na watoto wa wachimbaji wakikosa madaftari, hawezi kuipuuza hoja hiyo. Imani ya ndani yaweza kweli kufanywa dawa ya kumlaza mwenye njaa.

Lakini jibu limo katika Maandiko yenyewe yakisomwa kwa namna niliyoieleza. Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwakemea wafanyabiashara waliongojea sabato ipite ili wapunguze kipimo, waongeze bei na kuzifanya mizani kuwa za udanganyifu. Huku kwetu, katika vituo vya kununulia madini kama Musompo karibu na Kolwezi, malalamiko ya wachimbaji wa mikono juu ya mizani na vipimo vya ubora wa mawe yamesikika kwa miaka mingi. Basi mnunuzi aliyeketi kanisani Jumapili, aliposomewa Amosi, alisikia habari za nani? Akisikia habari za watu wa Samaria, atatoka kanisani na furaha na Jumatatu atapunguza kilo kama kawaida. Akisikia habari za mnunuzi mwenzake, atatoka na masengenyo. Akisikia habari zake, hataweza kuigusa mizani ile Jumatatu bila kutetemeka. Kusoma kwa dhamiri hakumwondoi mtu sokoni; humrudisha sokoni akiwa amehukumiwa, na katika nchi ambayo sheria ni dhaifu na wakaguzi ni wachache, hofu hiyo ya ndani ni ulinzi wa maskini usionunulika. Vivyo hivyo mnyonge asomaye kwa dhamiri hufahamu kwamba yeye ni wa thamani mbele za Mungu, na ajuaye thamani yake hawi mwepesi kuukubali ujira wa dhuluma.

Pingamizi ya pili ni kwamba nafsi ni mdanganyifu, na asemaye kwamba ameisikia sauti ya Mungu ndani yake huenda amesikia matamanio yake tu. Jamaa yenyewe iliijua hatari hiyo, maana kundi lililoitwa Katete lilishitakiwa kwamba limeugeuza umoja wa kiroho kuwa tamaa za mwili, na katika miaka ya 1970 maaskofu wakalazimika kuwabana wafuasi na kuutenga ukweli na upotovu. Hii ndiyo sababu siwezi kukubali usemi wa wale wanaodai kwamba moyo watosha na kitabu si lazima. Kitabu ni cha lazima kwa sababu kinatoka nje yangu. Hakikuandikwa na matamanio yangu, wala sikukichagua kila neno, na ndani yake yamo maneno ambayo ningekuwa na uwezo ningeyafuta. Agostino wa Thagaste, Mwafrika wa kaskazini, aliyegeuzwa maisha yake mwaka 386 kwa kufungua Waraka wa Warumi katika bustani huko Milano, alifundisha baadaye kwamba mtu anayedhani ameyafahamu Maandiko, na ufahamu wake haumjengi katika kumpenda Mungu na jirani, huyo hajayafahamu bado. Kwa kipimo hicho kila sauti ya ndani hupimwa: je, imenipinga mahali nilipopenda nisipingwe, na je, imenifanya niwe mpole kwa aliye dhaifu kuliko mimi? Sauti inibembelezayo mimi na kumkandamiza mdogo, hata ikinena kwa aya mia, haikutoka kwa Mungu.

Pengine mtu ataona kwamba mambo haya ni ya wasomi, na kwamba bibi asiyejua kusoma katika kijiji kilicho karibu na Kasaji hana fungu humo. Sivyo hata kidogo. Kwa muda mrefu wa historia ya imani, waumini wengi waliyapokea Maandiko kwa masikio, na Mtume Paulo mwenyewe aliifungamanisha imani na kusikia. Mwezi wa Machi 1977 askari walipovuka kutoka Angola wakautwaa mji huu wa Kasaji, na vita vilipotujia tena mwaka uliofuata, watu waliokimbilia porini hawakuweza kujitwika vitabu vingi. Kila mmoja alikuwa na yale tu yaliyokwisha kuingia moyoni mwake. Katika saa ya namna hiyo, aliyeyashika machache yaliyomhukumu na kumfariji alikuwa na mali kuliko aliyewahi kuyasoma mengi yakapita juu yake kama vumbi la barabara.

Basi njia ya kusoma ni nyepesi kuieleza, ijapokuwa ni ngumu kuifuata. Yafaa kusoma kidogo na kwa sauti, na kurudia, na kulisimamia neno lile lililouma badala ya kulikimbia kwenda kwenye lile lililopendeza. Kisha kulileta mbele ya mtu mmoja au wawili watujuao, mke, mume, rafiki wa kweli, watuambie kama tumelisikia au tumelikwepa. Kisha kutenda jambo moja kwa ajili yake kabla ya kufungua ukurasa mwingine, kurudisha deni, kuomba radhi, kusahihisha mizani. Imani inayokua hivyo haitegemei kelele ya mkutano wala ufasaha wa mhubiri, kwa kuwa kila neno lake limekwisha kulipiwa gharama na yule anayelisema.

Na kwa sisi tunaosimama mbele ya watu kuwasomea, Kasaji na Kolwezi na kila mahali ambapo kitabu hufunguliwa, jukumu letu ni kubwa zaidi. Hapana anayepaswa kuiinua aya juu ya kichwa cha mtoto wa mtu, wala mjane, wala mgeni, mpaka aya hiyo iwe imemshuhudia yeye kwanza na kumpata na hatia. Na atakayekubali kuhukumiwa hivyo ataona kwamba hamu ya kuwahukumu wengine imempungua, na mahali pake pameingia nguvu ya kuwasaidia. Hiyo ndiyo alama ambayo kwayo nitamtambua mtu aliyesoma, nami sitamwuliza ni kurasa ngapi amezihifadhi.